Mashine Isiyojua Kumaliza

Jumatatu, 8 Machi 1999

Kosa la watu wengi ni kudhani kwamba mtu akiwa mbele, amekwisha kushinda. Kuwa mbele ni jambo moja. Kumaliza ni jambo lingine. Nimewaeleza hivyo wanafunzi wa hesabu na wachezaji wa sataranji kwa miaka thelathini na mmoja, na wengi hawakusikia. Mimi ninasikia. Ndiyo maana mpango wangu wa wiki hii hauwezi kushindwa.

Hali ni hii. Kuna mashindano Nairobi, wiki ya baada ya Pasaka. Vikwazo vimeondolewa, ndege zinaruka tena, na wenyeji wamekiletea chama chetu cha sataranji tiketi moja. Moja! Tumebaki wawili: mimi, na Shakuru wa mtaa wa Buyenzi, muuza vipuri vya magari, bingwa wetu tangu 1992. Tutacheza mara tatu. Tukitoka sare, anakwenda yeye kwa kuwa ndiye bingwa. Kwa hiyo mimi sina budi kushinda walau mchezo mmoja.

Nairobi yuko binti yetu Mélissa. Yuko pia mwanawe Maxime, wa miaka miwili na nusu, mjukuu wangu pekee, ambaye sijamwona hata siku moja. Tunayo picha yake moja. Amegeuza kichwa.

Tangu Ijumaa risasi zinasikika upande wa Carama, na barabara ya kutoka hapa kwetu Ngagara hufungwa bila taarifa. Mke wangu Médiatrice amenikataza kuvuka kwenda Buyenzi. Basi tutacheza kwa simu. Shakuru atakuwa dukani kwake na Salvator, katibu wa chama, atakayeandika kila hatua. Mimi nitakuwa nyumbani, peke yangu na dhamiri yangu. Salvator alisema kwamba mtu kama Mwalimu Herménégilde hahitaji kusimamiwa. Nilimshukuru.

Sasa mpango wenyewe. Padre mmoja Mbelgiji, aliporudi kwao, aliniachia mashine ya sataranji. Ni ubao wenye vitaa vyekundu pembeni na kidirisha cha tarakimu. Unaibonyezea hatua ya adui, inafikiri, inalia pip, kitaa kinawaka, nawe unajua la kufanya. Naiita Profesa. Kwa kichwa changu nimemshinda Shakuru mara moja tu katika miaka saba, siku aliyokuwa na malaria. Profesa atamshinda akiwa mzima.

Je, huu ni udanganyifu? Nimelipima jambo hili bila haraka. Kusoma kitabu kabla ya mchezo ni halali. Profesa ni kitabu kinachosomwa wakati wa mchezo. Tofauti ni ya saa tu.

Ni Kwaresima, najua. Nitaungama nikirudi kutoka Nairobi.

Jumanne, 9 Machi

Mchezo wa kwanza. Simu ililia saa nane kamili mchana. Profesa ni simba! Hatua ya ishirini amekula farasi. Hatua ya thelathini na tano amekula mnara. Upande wa pili nilisikia mtu akimwulizia Shakuru plagi za Toyota, asijibiwe. Mwisho Shakuru alibaki na mfalme peke yake. Mimi nilikuwa na mfalme na mnara.

Katika sataranji hakuna hali rahisi kuliko hii. Médiatrice aliingia kuchukua ungo, nami nilitumia nafasi hiyo kumweleza. Mnara ni ukuta: mfalme adui hawezi kuuvuka. Mfalme wako unamsogeza mpaka akabiliane na adui uso kwa uso. Hapo mnara unapiga, adui anarudi nyuma safu moja. Zamu ikikaa vibaya, mnara unangoja hatua moja. Unarudia hivyo mpaka adui afike ukingoni na akose pa kwenda. Nilimwonyesha mezani kwa kibuyu cha chumvi na vifuniko viwili vya chupa. Alielewa upesi. Akauliza mbona basi sichezi hivyo. Nilimjibu kwamba leo anayecheza ni Profesa.

Profesa alipeleka mnara kulia. Halafu kushoto. Halafu kulia. Kidirisha kilisema 5.0, yaani tuko mbele sana. Hatua iliyofuata, 5.0. Iliyofuata, 5.0. Nilifarijika. Shakuru alianza kurudiwa na sauti. Akauliza, “Mwalimu, iyo munara iko inatafuta choo?” Watu dukani wakacheka. Mtu aliye mbele hajibizani.

Sasa, sheria inasema hivi: hatua hamsini zikipita bila kete kuliwa wala askari kusogea, mchezo ni sare. Salvator alianza kuhesabu kwa sauti alipofika arobaini. Ni mtu asiye na huruma. Hamsini. Sare!

Jioni nilikaa nikachunguza chanzo, na nimekipata. Profesa anaona hatua tano mbele, basi. Ushindi ulikuwa mbali, hatua kumi na kadhaa. Kwa hiyo machoni pake kila njia ilikuwa sawa, na kila mahali alipokaa alijiona anashinda. Ni kama mtu aliyeambiwa kwamba haki iko upande wake: hana haraka ya kwenda popote. Jambo lenyewe linapendeza sana kulieleza. Nilimweleza Médiatrice mara mbili.

Akauliza, kama naelewa vizuri hivyo, kwa nini nisiizime ikifika hapo na kumaliza mwenyewe.

Swali la mtu asiyejua mitambo.

Alhamisi, 11 Machi

Jana simu haikuwa na sauti. Leo imerudi saa saba.

Mchezo wa pili. Hapa lazima nitangulize maelezo. Iko kete moja inayokwenda mshazari ambayo Wafaransa wanaiita mwendawazimu, nasi shuleni tulifuata hivyohivyo. Kila mwendawazimu hukanyaga nyumba za rangi moja tu maisha yake yote, nyeupe au nyeusi. Sasa, ukibaki na mwendawazimu na askari wa ukingoni, na ile pembe anakoelekea askari ni ya rangi ambayo mwendawazimu wako haikanyagi, adui anakwenda kukaa pembeni pale na hakuna nguvu ya kumwondoa. Una kete mbili zaidi yake na huna kitu. Nimefundisha somo hili tangu 1974. Mwaka huo Shakuru alikuwa dawati la pili.

Hatua ya thelathini na nane Profesa alikuwa na njia mbili. Ya kwanza: kula askari wa katikati na kushinda polepole. Ya pili: kula farasi na kubaki na mwendawazimu na askari wa ukingoni. Rangi mbaya. Niliona! Niliona mara moja, kama ninavyoona ukuta wa jirani. Mkono wangu ulikuwa tayari juu ya askari wa katikati.

Kidirisha kikasema: njia ya kwanza 3.1, njia ya pili 4.2.

Tarakimu ni tarakimu. Siwezi kufundisha hesabu miaka thelathini na mmoja halafu niseme kwamba 3.1 ni kubwa kuliko 4.2. Nilikula farasi.

Shakuru alicheka mpaka simu ikakwaruza. Akasema, “Mwalimu! Si ni we mwenyewe ulinipiga rula juu ya iyi pembe?” Mfalme wake akakimbilia pembeni, akakaa. Profesa alimzunguka kwa hatua hamsini nzima, kidirisha kikipanda mpaka 4.9. Sijawahi kuona mtu akijiamini namna ile mbele ya ukuta. Sare.

Médiatrice alingoja mpaka chakula. Ndipo akasema, “Papa Mélissa, we na iyo kitu yako muko munashinda kila siku, na tuko palepale.” Nilimweleza kwamba mahesabu ya wastani yako upande wetu. Mambo kama haya hayatokei mara tatu. Akainuka akaenda kuigeuza ile picha ya mtoto rafuni, kana kwamba akiigeuza uso utaonekana.

Ijumaa, 12 Machi

Yametokea mara tatu.

Sitaki kuandika mengi. Nilikuwa na malkia. Malkia mzima! Shakuru alikuwa na mfalme na askari mmoja mchovu. Profesa alimpiga mfalme hodi kutoka kulia. Mfalme akasogea. Akampiga hodi kutoka kushoto. Mfalme akarudi. Kulia. Kushoto. Mchezo ukirudi mara tatu katika sura ileile ni sare, lakini Profesa hana kumbukumbu ya yaliyopita. Anaishi kila hatua kama ndiyo ya kwanza, kwa furaha ileile.

Médiatrice alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Akasema nimlete mfalme wangu karibu, malkia hawezi kazi peke yake. Ni sahihi. Hatua hiyo nilikuwa nimekwisha kuiandika kwa kalamu pembeni mwa karatasi, na alama ya mshangao mbele yake. Mfalme, D nne! Nilimwonyesha karatasi ili ajue kwamba niliiona kabla yake.

Akauliza mbona basi siisemi kwenye simu.

Kitaa kikawaka. Kushoto. Nikasema kushoto.

Salvator alitangaza sare, na kwamba kwa sheria za chama tiketi ni ya bingwa. Alinipongeza kwa upinzani mkubwa. Shakuru hakucheka safari hii. Aliniaga kwa heshima, akaniuliza hali ya Mama Mélissa, akakata.

Médiatrice anafua. Huwa hafui jioni.

Jumamosi, 13 Machi

Ajabu! Shakuru amepiga simu asubuhi, kabla hajafungua duka. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema.

“Mwalimu, mi sina mujukuu kule Nairobi. Nina muke ana mimba ya miezi minane na duka ya kulinda. Lakini kukupa tu, apana, Salvator ataandika nini? Sikia. Kesho saa nane. We mufalme na munara. Mi mufalme, peke yake, katikati ya ubao. Unifunge mu hatua hamsini, tiketi ni yako. Salvator anakubali. Ni ile somo yako ya kwanza, Mwalimu, hata mutoto wa shule anaiweza. Na ile kitu iko inalia pip-pip karibu na simu wiki nzima, uilaze.”

Nilimwambia ni saa ya ukutani. Akasema sawa, basi niilaze saa ya ukutani.

Médiatrice aliposikia alivuta kiti. Alifuta ubao wa mbao, akapanga mfalme na mnara upande wake, mfalme mmoja upande wangu, akataka tufanye mazoezi. Nilimweleza kwamba mimi sihitaji mazoezi, ndimi mwenye somo. Akasema basi afanye yeye. Alinifunga mara tatu mfululizo. Nilikuwa nawaza jambo lingine.

Jambo lingine ni hili. Shakuru anadhani amenipa zawadi. Amenipa hali ileile iliyomshinda Profesa siku ya Jumanne! Mfalme na mnara! Mtu asiyefikiri angekaa kesho mbele ya ubao na kucheza kwa kichwa chake, na kwa wasiwasi wa siku kama hiyo, mjukuu akimngoja, nani ajuaye angesogeza nini. Mimi nafikiri. Tatizo la Profesa ni kuona hatua tano tu. Kwa hiyo inatakiwa mashine inayoona kumi na sita.

Marcellin, mtoto wa dada yangu, anafanya kazi katika ofisi ya shirika moja, Kartie 5, hapahapa Ngagara, bila barabara ya kuvuka. Wana kompyuta. Ndani yake, aliwahi kuniambia, kuna sataranji. Ufunguo anao yeye.

Jumapili, 14 Machi

Misa ya asubuhi. Kisha kwa Marcellin. Alisita, akasema kompyuta ya ofisi haitoki. Nilimweleza tofauti kati ya kutoka na kusogea. Tuliisogeza kwa toroli, imefunikwa turubai, maana mvua ilikuwa imeanza. Inakuja kwa vipande: kisanduku, kioo kizito kama jiwe la kusagia, nyaya za kila aina. Gurudumu liliingia shimoni mara mbili. Wanajeshi kwenye kona walitaka kujua kuna nini. Nilifunua, nikaanza kuwaeleza habari za mnara na ukuta. Walituruhusu kabla sijafika kwenye mfalme.

Tulifika nyumbani saa nane na dakika ishirini. Médiatrice alikuwa jikoni, simu ya saa nane ameipokea yeye, waya wa simu umevutwa mpaka mwisho, mkono wa simu ameubana begani, ubao juu ya kinu kilichogeuzwa, naye anakoroga maharage. Nilimpungia mikono asitishe. Akainua mwiko, yaani ningoje. Nilimwambia Marcellin aunganishe haraka. Akaunganisha. Akabonyeza. Hakuna. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa saba, na hakuna aliyeniambia.

Nikasikia Médiatrice akisema kwa sauti ya kuagiza nyanya: “Munara, H nane.” Kisha akangoja kidogo. Kisha akasema, “Si ndiyo, Shakuru? Haendi popote?”

Kelele zilizotoka katika simu ile nilizisikia nikiwa mlangoni, nimeshika kioo. Duka zima lilikuwa likipiga makofi. Hatua ishirini na tatu! Salvator amehesabu.

Niliichukua simu, nikamshukuru Shakuru kwa niaba ya nyumba, nikamwuliza Salvator nilete lini pasipoti. Salvator alikohoa. Akasema kwamba katika karatasi yake mchezaji ameandikwa Médiatrice, kwa sababu Shakuru aliulizwa nani alikuwa akicheza, na Shakuru hasemi uongo, sauti ya Mwalimu anaijua tangu dawati la pili. Tena, barua ya Nairobi inawataka wanachama wa kike tangu Januari, na chama kilikuwa kimejibu kwa masikitiko kwamba hatuna. Sasa tunaye.

Nilitoa hoja. Nilisema kila anachokijua amejifunza kwangu, mezani, kwa kibuyu cha chumvi. Salvator alikubali kabisa. Akasema ataliingiza hilo katika kumbukumbu za kikao.

Médiatrice alipakua maharage. Marcellin alikula sahani mbili. Mimi niliwaeleza kwamba kompyuta ingemaliza kwa hatua kumi na sita, si ishirini na tatu. Hakuna aliyebisha, na hiyo ni dalili nzuri.

Médiatrice alipoondoa sahani alinishika bega. Akasema atamwambia mtoto kwamba babu yake alimwonyesha njia. Nikajibu kwamba aseme pia kuhusu zamu ikikaa vibaya, maana watu husahau sehemu hiyo.

Jumatatu, 12 Aprili

Pasaka imepita. Nimeungama; Padre aliuliza mashine inatumia betri ngapi. Barabara imefunguliwa tangu Alhamisi. Médiatrice yuko Nairobi siku ya tano. Amefungwa michezo minne na ametoka sare mmoja, na wote wanampenda. Nasema bila chuki: mchezo wa sare ule alikuwa mbele kwa askari wawili. Angekuwa na Profesa angejua yuko mbele.

Jana jioni walipiga simu. Mélissa kwanza. Kisha Médiatrice, akasema mtoto ana masikio yangu, na kwamba tangu amefika hajamwachia sketi. Kisha pumzi karibu sana na simu, kisha sauti ndogo. “Babu, mbona hukuja?”

Ni swali zuri kwa umri wake. Nilimweleza. Nilianza na mnara, kwamba ni ukuta, na mfalme adui hawezi kuuvuka. Alisikiliza vizuri sana, kuliko wengi. Nilikuwa nimefika pale ambapo wafalme wawili wanakabiliana uso kwa uso, simu ikakatika.

Nilikaa pale hadi giza likaingia. Nimeitazama hali yote upya, bila hasira, na nimeona kosa lilikuwa wapi. Mashine ilikuwa ndogo. Hakuna kosa lingine.

Mwakani kuna mashindano mengine, na tiketi itakuwa moja. Mpinzani wangu sasa ni mke wangu, naye anajua mnara tu; farasi na mwendawazimu sijamweleza, na sitamweleza. Abdu, fundi wa redio wa Buyenzi, ana mashine ya ngazi kumi na sita iliyoletwa kutengenezwa na mwenyewe hajarudi kuichukua. Anasema kila kitu kinafanya kazi, ila mchezo ukikaribia kwisha inasita kidogo.

Leo, kabla ya saa sita: nenda kwa Abdu ukaiazime.